Uyoga na Ndugu Yake

Bwiza, Bujumbura
Jumatatu, mvua bado inanyesha

Dada yangu Yunisi,

Shikamoo, na tena shikamoo: moja ya leo, nyingine ya zile siku zote nilizopiga simu nikaanza na utani kabla ya salamu. Magoti yako yanasemaje masika haya? Ile dawa ya kuchua niliyotuma kwa boti ilifika, au mabaharia wamejichua wao? Shemeji bado anakohoa? Na paa la jikoni mlilibadilisha kabla ya mvua, au mnapika mmoja akiwa ameshika mwavuli? Mimi ni mzima. Nasema mzima kwa maana ya mwili: nakula, nalala, tumbo limeongezeka mpaka mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto. Ukiuliza habari za ndani ya kifua, hizo ndizo zimenikalisha hapa na kalamu.

Najua utashangaa kuona karatasi. Umezoea simu. Lakini kwenye simu, Dada, nakuchekesha, unacheka, salio linakata, na kila mmoja anabaki akiamini kwamba mwenzake hajambo. Karatasi haicheki. Nimeshachana tatu tangu asubuhi kwa sababu kila nikianza, kalamu inataka kupiga mzaha. Hii ya nne nimeiambia: wewe utasema kweli, hata kama utasema polepole. Uandishi wangu unaujua, niliishia darasa la sita, kwa hiyo pale utakapokwama soma kwa sauti, utanisikia.

Kwanza nikukumbushe mimi ni nani hapa mjini, maana bila hilo hutaona nilianguka kutoka wapi. Hapa Bwiza ukishuka mtaa wowote ukasema "Festo wa burosheti", yaani mishikaki, hata kipofu atakuelekeza kwa kufuata harufu. Mbuzi wangu hana mpinzani kuanzia hapa mpaka bandarini. Nimechoma nyama Kigoma, nimechoma Uvira, nimechoma Lubumbashi miezi minane, na huko Lubumbashi mkurugenzi mmoja mzima alimwacha mke wake mezani akaja jikoni kunishika mkono. (Haya, alikuja kuomba pilipili. Lakini mkono alinishika.) Wapakuzi wa bandari, wenye maduka, madereva, wote wakija kwangu wanataka vitu viwili, nyama na maneno. Nyama sijawahi kuikosea. Maneno ndiyo yaliyoniponza.

Kila mvua zikianza, watu hapa wanaanza kutamani uyoga, nami naanza kusimulia. "Mimi nimezaliwa msituni," nawaambia. "Nikiingia chini ya miombo, uyoga mzuri unavua kofia kunisalimia, uyoga mbaya unageukia ukutani." Wanacheka, wanaagiza chupa nyingine. Miaka mitano nasimulia hivyo. Na katika hadithi hizo zote, Dada, wewe hutajwi. Sijui ulitokaje. Nadhani mara ya kwanza nilisema "mimi na dada yangu", mara ya pili "sisi watu wa nyumbani", mara ya tatu ikawa "mimi". Ukweli ni kwamba wewe ulikuwa unatembea mbele na kijiti cha kufukulia, na mimi nyuma na kikapu kichwani, nalia kwa sababu ya siafu.

Sasa sikiliza.

Kuna mama mmoja anaitwa Mama Furaha. Ni mkimbizi kutoka Fizi, ng'ambo ya ziwa, anakaa kule Gasenyi, mwisho wa mji. Kiangazi anauza ndagala, yaani dagaa, mvua zikija anauza uyoga unaoletwa na wanawake wa misitu ya kusini, upande wa Rumonge. Kutoka Gasenyi mpaka soko letu anakuja kwa miguu, maana siku hizi mafuta yakikosekana mabasi yanalala. Mama mwembamba, mpole, hana maneno mengi. Uyoga wake ulikuwa unakuja umelazwa kwenye majani ya mgomba, kila mmoja na mguu wake na udongo wake, vile vile kama ulivyokuwa ukiupanga wewe.

Mimi, mtu wa Lubumbashi, nikaona aibu ya udongo.

"Mama Furaha," nikamwambia mbele ya wateja, "huu ni uyoga au unaniuzia shamba?"

Wakacheka. Yeye hakucheka.

"Papa Festo, muguu njo karangamuntu yake. Ukikata muguu, utajua namna gani ni nani?"

Karangamuntu ndiyo kitambulisho cha hapa, Dada, kile ambacho askari anakuuliza barabarani. Mkimbizi akikuambia neno hilo, ujue amelipima kabla ya kulisema. Mimi sikulipima. Nikasema, "Hapa ni mjini, mama. Mteja akiona udongo anadhani nimemfukulia kaburi. Kuanzia wiki ijayo niletee kofia na shingo tu. Miguu ibaki kwao."

"We njo mwenye jiko," akasema. Akawaambia wale wanawake wa msituni wakate.

Wewe utakuwa umeshika kichwa tayari. Unaijua miguu ile kuliko mtu yeyote. Lakini acha niandike, nikuonyeshe kwamba sikusahau, maana hilo ndilo linaloniuma: sikusahau. Kuna uyoga wa soksi, ule mzuri. Kofia yake ni ya manjano iliyopauka, kama yai la kienyeji lililokorogewa maziwa. Ukingoni ana mistari kama marinda ya sketi, shingoni kitambaa cheupe kinaning'inia, na ukimfukua kwa kijiti anatoka udongoni na soksi nyeupe iliyolegea. Halafu kuna uyoga wa kitunguu. Kofia yake ni ya rangi ya chai ya maziwa, juu ana vipele vyeupe kama mtu aliyepita karibu na kinu cha unga. Naye ana marinda. Naye ana kitambaa shingoni. Ila chini hana soksi, ana kisigino kigumu, cha mviringo, kama kitunguu. Ulikuwa unasema: hawa mama yao mmoja, baba yao mmoja, roho mbalimbali. Na ulisema mvua kubwa ikinyesha siku mbili tatu, inamwosha yule vipele vyote, kofia inapauka, anasimama pale kama mchumba aliyetoka kuoga. Siku hizo usimtazame usoni, mtazame mguuni. Ukiwa na shaka, mwache. Ukiwa huna shaka, tazama tena.

Basi Jumapili moja nilimwalika Deo. Deo ni fundi viatu, kibanda chake kiko kwenye mlango wa soko, na tangu nifike Bujumbura hakuna mtu aliyenifaa kama yeye. Nilipougua malaria alilala sakafuni kwangu siku nne, na kiatu changu hakuna kilichowahi kumkalia zaidi ya asubuhi moja. Mama yake alikuwa ametoka milimani kuja kumtazama. Bibi mzima, mfupi, wote tunamwita Mukecuru kwa heshima. Alikuwa amesema neno moja tu tangu afike mjini: kwamba mvua hizi anatamani uyoga. Nikamwambia Deo, "Mwambie Mukecuru amefika kwa mwenyewe."

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mama Furaha alikuja saa tano na kikapu chake, uyoga wote bila miguu, msafi kama vikombe vya harusi. Akakaa karibu na jiko langu, akawa anauchambua mmoja mmoja, anageuza, ananusa, anageuza tena. Wengi aliniwekea kwenye sinia. Kiasi cha konzi mbili akauweka pembeni, kwenye jani.

"Na ule?" nikauliza.

"Ii ni ndugu yake," akasema.

Deo na mama yake walikuwa wameshakaa mezani. Nami nikaona nafasi ya kuchekesha imekuja yenyewe, sikuitafuta. "Ndugu!" nikasema kwa sauti. "Kwetu ndugu hatengwi siku ya Jumapili. Waingie wote wakaoge pamoja." Nikalichukua jani, nikaumimina ule uyoga kwenye sufuria yenye mawese na karanga. Mezani wakacheka. Mama Furaha akasema kitu, lakini redio ilikuwa inapiga kelele sikumsikia vizuri, akabeba kikapu akaenda.

Halafu, kwa kuwa mimi ni msomi, nikatia kitunguu kizima kwenye sufuria. "Kikigeuka cheusi, ni sumu," nikawaelimisha. "Kikibaki cheupe, mnakula mpaka kesho. Wazungu wa Lubumbashi ndivyo wanavyopima." Kitunguu kikabaki cheupe kama meno ya pasta. Dada, yule mwenye kitunguu mguuni mimi nikampima kwa kitunguu. Hata shetani angeona haya kutunga kichekesho hicho.

Mukecuru alichota, akautazama ule mnofu kwenye kijiko. "Mwanangu," akaniuliza, "huyu mguu wake ulikuwaje?"

"Mukecuru, huyu hana mguu, huyu alikuja kwa basi."

Deo alicheka mpaka akashika meza. Bibi akatabasamu, akala. Angefanya nini? Mgeni, mama wa rafiki, Jumapili, sahani imeshawekwa mbele yake. Kukataa chakula ni kumwambia mwenye nyumba kwamba humwamini, na mtu mwenye adabu zake hawezi. Alikula taratibu, akamaliza, akasema asante. Mimi nilionja vijiko viwili. Mdomo uliokuwa na kazi ya kusema haukupata nafasi ya kula.

Hata vyombo hatujatoa, Deo akaanza kucheka peke yake. Nikadhani ni mzaha wangu umechelewa kumfikia. Kisha Mukecuru akaanza kusema na mume wake, marehemu wa miaka mingi, akimwambia afunge zizi kwa sababu ng'ombe wanatoka. Alikuwa anamtazama kabisa, pale juu ya kabati langu. Baada ya hapo wakatapika. Sitaandika yote. Teksi haikupatikana, tulimlaza bibi kwenye mkokoteni wa madumu ya maji, mimi nasukuma, Deo anafuata ameshikwa na majirani wa parseli yetu, ndio ua tunaokaa pamoja, na mchana ule wote wa Jumapili watu wametoka kanisani wanatutazama. Bibi alikuwa mwepesi. Mkokoteni ulikuwa unaruka kwenye mawe kama umebeba nguo.

Hospitalini nikamweleza daktari habari ya kitunguu. Alikuwa kijana, amechoka. Akanitazama, akasema, "Mzee, kitunguu si laboratwari." Halafu akauliza uyoga tulipata wapi. Wanawake wa parseli walikuwa wamesimama nyuma yangu.

"Kwa Mama Furaha, sokoni."

Hayo tu. Hayakuwa uongo hata neno moja. Nimeshasema uongo mwingi katika maisha yangu, Dada, uongo mtamu wa kuchekesha watu, na haukumdhuru mtu. Siku niliposema kweli tupu ndipo nikamchinja mwanamke.

Jumatatu asubuhi wanawake wale wakamwendea. Jiko langu liko mbele ya soko, hatua hamsini hazifiki. Niliona kikapu kikipigwa teke. Niliona majani yakitawanyika kwenye tope. Walikuwa wanapiga kelele, "Murozi! Murozi!" Hilo ni neno la Kirundi, maana yake mtu anayewatilia watu sumu, na mtu akishaitwa hivyo hapa hata kikombe chake cha maji hakuna anayekigusa. Mama Furaha hakuwatazama waliokuwa wanapiga kelele. Alinitazama mimi, ng'ambo ya barabara. Nami nilikuwa nageuza mishikaki. Nyama ilikuwa imeiva upande ule, nikaigeuza. Nikaigeuza tena.

Dada, nimesimama hapa kidogo nikanywa maji. Hapo juu nimeandika kwamba redio ilikuwa inapiga kelele. Usiamini. Redio yangu ilikufa Ijumaa ile, mpaka leo iko kwa fundi. Palikuwa kimya. Nilipomimina lile jani kwenye sufuria, Mama Furaha alisimama, akasema, "Apana! Apana, papa!" Nilimsikia kama ninavyoisikia mvua hii. Na mkono wangu ulisimama. Moyoni nikasikia sauti yako: mtazame mguuni. Lakini mguu niliukataza mimi. Na wageni walikuwa wameshacheka. Ningemwaga sufuria ile, ningelazimika kusema mbele ya watu kwamba bingwa wa msitu hajui anachopika. Nikamwambia, "Nenda kauze, mama, usinifundishe mambo ya kwetu." Akaenda. Hiyo ndiyo kweli. Naona imekaa sawa sasa, hata kalamu imetulia.

Mukecuru alikaa hospitalini siku nane. Alipona, Mungu asifiwe, ila amerudi mwepesi zaidi, na kuna siku anamwita Deo kwa jina la mume wake. Deo alipona siku ya tatu. Na mimi, Dada, wiki mbili zile nilipewa pole. Watu walikuja jikoni: "Pole Festo, na wewe alitaka kukumaliza." Nikapokea. Pole ni tamu, sikujua. Nikaanza kuisimulia habari ile, nikaanza kuitia chumvi. Macho ya Mama Furaha nikayafanya mekundu. Hata kikapu nikakipa harufu.

Kilichonisimamisha ni hiki. Mteja mmoja alileta wageni kutoka bandarini, akaniomba niwasimulie. Nikasimulia vizuri sana, sijawahi kusimulia vile. Nikafika mahali nikasema: "Nikamwambia mama yule, apana, apana, huu siuamini! Akaniapia." Wageni wakatikisa vichwa. Ndipo nikajisikia. Lile "apana" lilikuwa la kwake. Nilishamnyang'anya soko, nilishamnyang'anya jina, sasa nimemnyang'anya na neno lake nimelivaa mimi. Nikawaambia wageni jiko limezimika, na lilikuwa linawaka.

Kesho yake nikaenda Gasenyi kwa miguu, kama anavyokuja yeye. Njia ni ndefu, Dada. Tumbo hili halikuniacha nilifiche jasho. Nilimkuta uani anafua nguo za watu. Hakushangaa. Aliinua kibao akanipa nikae, maana ana adabu kuliko mimi, akaendelea kufua.

"Mama Furaha, uliposema ndugu yake, mimi nilidhani unasema ni ukoo mmoja, wanaliwa wote."

"Ku kwetu tukisema ndugu yake, ni ule wa kutupa," akasema. "Juu ya kufanana. Adui hafanani na mutu, papa. Ni ndugu njo anafanana naye."

Akakamua shati.

"Ku opitali ulisema nini?"

"Nilisema nilinunua kwako."

"Ni kweli. Na ingine?"

"Sikusema ingine."

"Ile ingine njo ilikuwa yangu."

Nikashuka kwenye kibao, nikapiga magoti kwenye maji ya sabuni. Nikaomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kirundi, na kwa yale maneno yangu matatu ya Kifaransa. Akaniacha nimalize.

"Simama, utachafuka. Unakuya kuniomba pardo hapa ku maji yangu? Mi sikufukuzwa hapa. Balinifukuza ku soko, batu bote banaangalia. Kama uko na pardo, ipeleke kule."

Hakupandisha sauti. Alirudi kwenye karai lake, nami nikaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Jumamosi, soko likiwa limejaa, nikaenda. Mama Furaha alikuwa amekuja, amesimama mahali pake pa zamani na kikapu kitupu. Nikapanda juu ya kreti la bia. "Ndugu zangu!" nikasema. Na nilipotamka neno hilo nilitaka kulia. "Ule uyoga uliowaumiza Deo na mama yake, kosa lilikuwa langu. Mama huyu alinikataza."

Wakacheka.

Dada, walicheka! "Festo ameanza!" Mmoja akaita, "Mumupe mikro!" Nikaapa kwa jina la Mungu, wakacheka zaidi, maana kila siku naapa kwa Mungu kwamba mbuzi wangu alisoma shule. Nikasema mimi si bingwa wa uyoga, bingwa ni dada yangu Yunisi, mimi nilikuwa mbeba kikapu. Mama mmoja wa nyanya akajifuta machozi: "Eh, leo ameleta na dada!" Nilikuwa nimesimama juu ya kreti natoa roho yangu mbele ya watu, nao wanasubiri mahali pa kuchekea. Miaka mitano niliwafundisha kwamba kinywa hiki hakisemi kweli. Walikuwa wanafunzi wazuri.

Hapo Deo akatoka kwenye kibanda chake. Alikuwa na kiatu cha mtu mkononi na msumari midomoni. Akautoa msumari.

"Festo. Mama huyu alikuambia usipike?"

"Aliniambia."

"Ulisikia?"

Ningeweza kusema redio.

"Nilisikia."

Kicheko kilikatika. Kilikatika kama umeme wa hapa, bila taarifa. Deo alinitazama, akautazama ule mkono wangu wa kulia, sijui kwa nini mkono. "Mama yangu alikuuliza mguu," akasema, "na mimi nilicheka." Akarudi kibandani. Tangu siku hiyo hajanisemesha. Viatu vyangu havitaki tena. Namtumia kwa mkono wa mtu, vinarudi kwa mkono wa mtu, havijashonwa.

Mama Furaha alirudi kuuza wiki iliyofuata. Miguu yote, udongo wote. Hakuna aliyenunua. Watu hawakumtukana tena, walimpitia tu kama anauza kivuli. Maana kumsafisha mtu, Dada, si kama kumchafua. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Mimi nilinunua, lakini pesa yangu pale haikuwa na ushahidi wowote, wote walijua ni ya mwenye deni la roho. Jioni anabeba kikapu kilichonyauka, anarudi nacho Gasenyi kwa miguu.

Siku ya nne asubuhi akaja Mukecuru. Alikuwa amejifunga kitenge chake cha kanisani, anamwegemea Deo begani, hatua moja, pumziko, hatua moja. Akafika kwa Mama Furaha, akaketi chini, palepale kwenye majani. Akachukua uyoga wa kwanza, akaugeuza, akaupangusa udongo mguuni kwa kidole gumba, akaunusa. Akauweka kulia. Akachukua wa pili. Dada, alikitazama kikapu kizima. Mmoja mmoja, asubuhi nzima, na wanawake wale wale waliopiga teke wamesimama wanaangalia vidole vya bibi. Hakutupa hata mmoja. Alipomaliza akainua uso, akamwambia Mama Furaha kwa sauti ya watu wote: "Unachambua vizuri. Nipimie sahani."

Akanunua. Na nyuma yake yule mama wa nyanya naye akainama, akaomba sahani.

Nilikuwa nimesogea, kofia mkononi. Nikasema, "Mukecuru, niruhusu nikupikie. Bure. Kwako, mbele ya macho yako."

Akanitazama muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayetafuta jina.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Nitapika mwenyewe."

Deo akaichukua sahani kwa mikono miwili, wakaondoka polepole. Hakugeuka.

Ndiyo hayo, Dada. Soko limerudi kwa mwenyewe, na hilo nashukuru. Jikoni kwangu watu bado wanakuja, ila wanakula kimya zaidi, na nikisema kitu wanauliza, "Hiyo ni kweli au ni ya Festo?" Nimekuwa najibu, "Ni ya Festo," mara nyingi kuliko nilivyodhani. Rafiki sina. Deo namsalimu kila asubuhi nikipita kibandani kwake, na kila asubuhi anagonga msumari. Nitaendelea kupita.

Neno langu kwako ni moja. Mvua za kwanza za mwaka ujao, kama Mungu atanipa uhai, nataka nije nyumbani unipeleke tena chini ya miombo. Wewe mbele na kijiti. Mimi nitabeba kikapu, na nitafunga mdomo mpaka uniulize. Siafu waniume tu. Na kama kuna mtu huko aliyewahi kunisikia nikikudharau kwa kazi ile, maana najua nilishaiita kazi ya washamba mbele ya mke wa mjumbe, mwambie mdogo wako amefuta kauli.

Nisalimie shemeji, mwambie kikohozi ni cha wazee, aache kujizeesha. Nisalimie shangazi Debora, aliyenitahiri kwa maneno kabla sijatahiriwa kwa kisu. Nisalimie baba mdogo Amosi, fundi wa mizinga, na mkewe. Wapwa zangu wote wabusu, na yule mkubwa anayesoma, mwambie mjomba wake anasema aende mbali zaidi ya darasa la sita. Kaburi la mama lifyekee upande wangu.

Mbeba kikapu wako,
Festo

Barua hii inakuja kwa mkono wa jirani yangu anayesafiri na boti ya mizigo kwenda Kigoma. Atakuambia mimi ni mtu wa kuchekesha sana. Mpe chai, usimbishie.